Nilivyoitoa DNA kwenye Maini ya Kuku kwa Papai Bichi

Nafundisha baiolojia Tanga, kwenye shule ambayo maabara yake ina meza nzuri na kabati lenye kufuli, na ndani ya kabati mna chupa ya aidini na testitubu za kuhesabika. Kila nikifika kwenye mada ya molekuli kubwa za uhai, wakongwe wananishauri lile lile: wape jedwali la wanga, protini, mafuta na asidi nukleiki, wakariri, mtihani hautaki zaidi. Ushauri huo umenichosha. Mwanafunzi atakuandikia vizuri kabisa kwamba DNA, ile asidi nukleiki inayobeba taarifa za urithi, ni mnyororo mrefu, lakini ukimuuliza urefu huo unamfaa nini kuku, anatazama dari. Nikaapa kidato changu cha tano watauona mnyororo wenyewe.

Mwalimu mwenzangu mmoja, fundi wa kila kitu, akanipa njia yake ya ndizi. "Chukua ndizi mbichi, Madam, zichemshe kwanza zilainike, halafu sabuni, chumvi, spiriti. Utaona maajabu."

Maajabu niliyaona. Ndizi mbichi ni ghala la wanga, na punje za wanga zikishapata maji na joto la nyuzi 60 na kitu huanza kuvimba, mwisho zinapasuka na minyororo yake kutapakaa majini. Sufuria ikawa nzito. Nikasema labda ikipoa, ilipopoa ikazidi. Tukaimimina kwenye kitambaa cha kuchujia tui, vijana wawili wakakamua mpaka mishipa ya shingo ikasimama, hakikutoka hata kijiko. Kutoka nyuma ya darasa: "Madam, tulete sukari?" Tulipomwagia spiriti, donge lilikaza zaidi. Fundi wetu alipopita dirishani akasema eti sikukoroga vya kutosha.

Nikajaribu ndizi mbivu, bila moto. Hapo kilipanda kitu cheupe, kingi, chenye utelezi, na darasa likapiga makofi. Mimi sikupiga. Ndizi, kama matunda mengi, ina pektini kwenye kuta za seli zake, ile inayogandisha jemu, nayo ikikutana na spiriti hujitenga vilevile. Picha nyingi za "DNA ya ndizi" ambazo watu wanajivunia zina pektini ndani yake, tena ya kutosha. Nilitaka seli isiyo na ukuta, isiyo na pektini wala wanga. Maana yake mnyama.

Muuza kuku wa soko la Mgandini alinitazama kwa huruma nilipoomba maini peke yake. Sikumbuki vizuri bei, elfu mbili au tatu, pamoja na papai. Nilichagua kuku, si ng'ombe, kwa sababu ambayo najivunia kuifikiria: chembe nyekundu za damu ya ng'ombe, kama zetu, zikikomaa hazina kiini, kwa hiyo hazina DNA ya kuvuliwa humo. Za kuku zina kiini. Basi maini ya kuku usiyaoshe mpaka yakapauka, ile damu ni mali.

Tukasaga maini kwa blenda na maji baridi kidogo, tukachuja, tukatia chumvi na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Utando wa seli, na ule wa kiini, umejengwa kwa mafuta yenye kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia. Sabuni nayo ina tabia hizo hizo mbili, ndiyo maana inaingia katikati na kuuvunja. (Mafuta si mnyororo wa vipande vinavyojirudia kama wenzake, ila mtaala umeyaweka kundi hilo, nami sigombani na mtaala.) Kuanzia hapa usipige blenda tena wala kukoroga kwa nguvu. DNA imeshatoka na itakatikakatika.

Sasa papai. DNA ndani ya kiini imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, na lazima zing'olewe. Vitabu vya nje vinasema tumia unga wa kulainishia nyama. Hapa Pwani nani anahitaji unga? Anayechoma mishkaki anajua kazi ya papai bichi. Utomvu wake una papaini, kimeng'enya kinachokata viungo kati ya asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, na DNA hakiigusi kwa sababu viungo vyake ni vya aina nyingine. Nikachanja papai, nikakinga utomvu (vaa glovu, unawasha), nikauchanganya na maji, nikatia. Usiupashe moto, kimeng'enya nacho ni protini, umbo likiharibika na kazi imekwisha. Papai lililoiva halikusaidii sana.

Vijana walidhani nimebuni. Nikawaambia habari za Friedrich Miescher, aliyekuwa wa kwanza kuitenga DNA, huko Tübingen, Ujerumani, mwaka 1869. Yeye alitumia usaha wa bendeji za hospitali, na ili aondoe protini alichukua pepsini kutoka matumbo ya nguruwe. Usaha! Ghafla maini yakaonekana masafi.

Baada ya kama dakika kumi tukamimina spiriti taratibu kwenye ubavu wa glasi ili ikae juu. Iwe baridi sana. Yangu ililala kwenye friji ya muuza barafu, na iwe mbali na moto. Pia soma kibandiko. Ile ya vidonda ya asilimia 70 ni dhaifu, tafuta ya 90 na zaidi. Fosfati, sehemu za uti wa mnyororo wa DNA, zina chaji hasi zinazosukumana, sodiamu ya chumvi huzituliza, na ndani ya spiriti mnyororo hauna tena maji ya kuushikilia, unajikusanya.

Nyuzi nyeupe zikapanda. Nikazamisha kijiti cha mishkaki, nikazungusha polepole, zikajiviringisha. Kimya. Halafu msichana mmoja mkorofi wa akili akauliza: "Madam, ini si linaweka glikojeni? Nayo haitengani kwenye spiriti? Tunajuaje hii siyo?"

Swali hilo lilinilipa mshahara wa mwezi. Nikamwambia azungushe yale mashapo meupe yaliyobaki chini. Hayakushika. Glikojeni, yaani akiba ya sukari ya mwili, ina matawi kila upande ili vimeng'enya viikate glukosi kwenye ncha nyingi kwa mara moja mwili ukihitaji nguvu haraka. Kichaka hakiviringiki kwenye kijiti. DNA haina tawi, taarifa zake zinasomwa kwa mfuatano. Tone la aidini likayatia mashapo wekundu wa kahawia, rangi ya glikojeni, uzi ukabaki na umanjano wa aidini tu.

Wengine walitaka kuona ngazi iliyosokotwa, lile umbo la DNA la vitabuni. Haionekani: upana wake ni nanometa 2, na kinachoonekana kijitini ni nyuzi zisizohesabika zilizoshikana.

Vyombo visuuze kwa maji baridi kwanza. Mmoja wetu alianza na ya moto, protini za damu zikagandia kwenye blenda, na blenda yenyewe ilikuwa ya kuazima.