Mlenda wa Echizen

Begini mwangu kulikuwa na kipande cha lino, tandiko laini la kuchongea picha za kuchapa, nilichokichonga Dar, kimefungwa kwenye kanga ya mke wangu. Picha yenyewe ni fundi baiskeli amechutama mbele ya beseni la maji, anatafuta pancha. Nilishakichapa mara nyingi kwenye karatasi za Kariakoo, na kila mara wino ulikaa juu juu kama rangi ya mlango. Niliulaumu wino, nikailaumu rola. Karatasi sikuiwazia kabisa. Kwangu ilikuwa sakafu tu, kazi yake kukanyagwa.

Februari hiyo nikawa ndani ya treni ya mwendokasi, natoka Tokyo kwenda Echizen-Takefu, mkoa wa Fukui. Reli hii ilifika huko Machi 2024. Safari inachukua zaidi kidogo ya saa tatu. Tokyo niliiacha jua linawaka. Tukaingia handaki, tukatoka, tukaingia jingine, na tulipochomoza upande wa pili kila kitu kilikuwa cheupe. Viatu vyangu vilikuwa vya Dar. Hayo tuyaache.

Teksi ilinishusha Imadate, katika mji wa Echizen, vijiji vitano vilivyobanana bondeni chini ya mlima. Wenyeji wanasimulia kwamba miaka 1,500 iliyopita mwanamke aliwatokea mtoni akawaambia: mashamba yenu ya mpunga ni haba, lakini maji yenu ni masafi, basi tengenezeni karatasi. Akavua vazi lake la juu, akalitundika kwenye ufito wa mwanzi, akawafundisha. Walipomuuliza jina alijibu tu kwamba anakaa huko juu mtoni. Wanamwita Kawakami Gozen, yaani bibi wa mto wa juu. Hekalu lake, jengo la mwaka 1843, lina paa juu ya paa, na siku hiyo kila paa lilikuwa na mzigo wake wa theluji.

Kwenye nyumba moja ya zamani, ambako mafundi hufanya kazi mbele ya wageni, nilimkuta mama wa makamo ameinamia beseni. Ndani ya maji mlikuwa na magome ya kozo, ndugu yake mforosadi, yaliyokwisha kuchemshwa yakawa laini kama nyama ya supu. Alikuwa akitoa uchafu kwa vidole, chembe moja moja. Nilichovya kidole ndani ya maji yale, nikakitoa haraka kuliko nilivyokitia. Mama akacheka. Kumbe baridi ndiyo msimu wenyewe wa kazi.

Sababu aliniambia kupitia simu yangu inayotafsiri. Kwenye pipa la rojo ya magome hayo wanatia ute wa mzizi wa mmea uitwao tororo-aoi. Ute huo huzifanya nyuzi zielee, zisizame wala kushikana madonge, na joto likizidi unapoteza nguvu. Aliuvuta kwa vidole ukaning'inia. Nikasema, mlenda! Simu haikujua mlenda, ikatafsiri kitu kilichomshangaza. Nikamwonyesha picha ya bamia, naye akaitikia kwa kichwa kizima: ndiyo, ni jamaa moja.

Kisha akachota. Chekeche la mianzi lilizama, likapanda, likayumbishwa mbele na nyuma, kulia na kushoto, maji yakipiga kama mawimbi madogo, halafu yaliyobaki yakatupwa mbele kwa mkupuo mmoja. Akarudia, tabaka juu ya tabaka. Nyuzi za kozo ni ndefu, zinasukana kama ukili. Ndiyo maana hosho, karatasi ya kozo tupu inayotoka hapa, inastahimili picha ya rangi nyingi inayochapwa kwa mbao za kuchongwa: kila rangi na ubao wake, karatasi ikiwa na unyevu, ikisuguliwa mgongoni tena na tena bila kuchanika. Fundi karatasi Ichibei Iwano wa tisa, aliyetangazwa Hazina Hai ya Taifa, heshima ya Japani kwa mafundi bingwa, mwaka 2000, ni wa bonde hili. Hata noti za serikali mpya ya Japani, ile ya enzi ya Meiji, mwaka 1868, zilichapwa kwenye karatasi ya Echizen.

Mimi nilikuja na wazo langu. Mwaka 1978 mchoraji Mwingereza David Hockney, akiwa katika karakana ya mchapaji Kenneth Tyler jimboni New York, alimimina rojo yenye rangi juu ya karatasi mbichi na kutengeneza mabwawa ya kuogelea; rangi ikawa karatasi yenyewe. Nami nilitaka maji ya beseni la fundi wangu yawe ndani ya karatasi, halafu lino ije juu. Kwenye karakana ya wageni waliniruhusu kuchota karatasi tatu na kumwaga rojo ya buluu kidogo katikati. Nilikisia kwa jicho. Wazo baya.

Usiku, chumbani, nikaazima mwiko wa mbao jikoni kwa mwenye nyumba. Karatasi ya kwanza niliilowesha mno. Wino wa mafuta ukaikataa, fundi akatoka na mabaka kama mgonjwa. Ya pili niliifunika kwa magazeti mpaka ikabaki na ubaridi tu wa kugusa shavuni. Nikapaka wino, nikalaza, nikasugua kwa mwiko polepole. Kuibandua nilisita. Weusi ulikuwa umezama, hauna mng'ao, na mgongoni mistari ya patasi ilituna kama chale. Miaka yote hiyo nilikuwa nadai kina kwa wino, kumbe nilipaswa kuidai karatasi.

Ila buluu ilikuwa imekaa vidole viwili kando ya beseni. Maji yalionekana yamemwagikia mguu wa fundi, na uso wake, niliouchonga miezi minane iliyopita, ghafla ukawa na sababu ya kukunjamana. Ya tatu niliiacha tupu.

Mwiko sikuweza kuurudisha. Nililipa.