Ulitaka Nione Nini?

Nimerudi likizo na picha 412. Siku nne ufukweni na familia, kamera shingoni tangu asubuhi mpaka giza linaingia, na usiku nazipitia moja moja mpaka betri inakata. Huu ni mwezi wa tano tangu nianze kupiga picha kwa nia. Zamani nilikuwa nabonyeza tu.

Katika hizo nilichagua 12. Mama alizitazama akasema, "Jamani, nzuri hizi!" Rafiki zangu wakasema nina kipaji. Nilifurahi, sitaficha. Lakini nilipolala nikawa najiuliza: nzuri kwa lipi? Hakuna aliyeniambia picha ya tatu inaizidi ya saba kwa jambo gani. Wote walizipenda sawasawa, na mimi najua hazilingani. Nilihitaji mtu wa kunipa ukweli, hata kama utauma.

Nikamwendea Mjomba. Alipiga picha za harusi miaka mingi, enzi za mkanda wa picha 36, na kila akiinua kamera alikuwa ameshaamua anataka nini, maana zikiisha zimeisha. Nikamwambia, "Mjomba, naomba usinionee huruma." Akanituma nikazisafishe kwanza. Hatazami picha kwenye simu.

Alizipanga mezani zote 12, akakaa kimya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana.

Ya machweo, ambayo mimi niliiweka ya kwanza, aliipita kwa sekunde mbili. Nilitaka kulia. Baadaye alinieleza: kamera ikiachiwa ipime mwanga yenyewe hutaka kila kitu kiwe cha wastani, kwa hiyo anga lililokuwa jekundu kwenye macho yangu, yenyewe ililipausha, na pale kwenye jua pameungua, pamebaki peupe pasipo na kitu. Ningeipunguzia mwanga kidogo, rangi ingebaki. "Na hata ingebaki," akasema, "machweo nimeyaona mengi. Hapa ulitaka nione nini?"

Sikuwa na jibu.

Swali hilo akalirudia karibu kila picha. Kwenye nne bahari imelala upande. Aliweka ukingo wa bahasha juu ya mstari wa maji, nikaona mwenyewe. Kwenye moja nguzo imemwota dada yangu kichwani. Haya nilikuwa nimeshayasoma nikadhani nayajua, kumbe kuyajua kwenye maandishi na kuyaona wakati mtoto anakimbia ni mambo mawili. Lililonishtua ni hili: "Zote hizi zimepigwa na mtu aliyesimama. Watoto umewapiga utosi. Magoti yako yana nini?" Siku nne nzima sikuchuchumaa hata mara moja.

Halafu akaishika moja, akaisogeza dirishani.

Bibi amekaa kwenye mkeka, anampangusa mchanga mdogo wangu mguuni kwa ncha ya khanga. Mguu uko mapajani mwake, mtoto ameegemea nyuma, anatazama kwingine kabisa kama watoto wanavyofanya wakihudumiwa. Niliiweka kwenye zile 12 kwa sababu nyuma yake pamefifia vizuri. Nilikuwa na lenzi ya milimita 50 na nimefungua tundu lake la kupitisha mwanga mpaka mwisho, f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana), kwa sababu kila mtu anapenda picha za namna hiyo.

"Hapa uliona kitu," Mjomba akasema. "Tazama sasa kamera yako imeona nini."

Kilichotoka safi ni kikapu. Kikapu kilichokuwa mbele yao kidogo, kila uzi wa ukindu unahesabika. Mikono ya Bibi ina ukungu. Nilikuwa nimeiachia kamera ichague yenyewe pa kufokasi, nayo mara nyingi hukimbilia kilicho karibu na chenye mistari mikali. Ukiwa mita moja na tundu limefunguliwa hivyo, kinachotoka safi ni sentimita tatu au nne tu za kina. Ningelibana mpaka f/5.6 ningepata kama kumi. Au ningechagua tu mkono wa Bibi. Ni suala la kidole gumba kimoja.

Niliporudi nyumbani nilitafuta kwenye zile 412. Tukio lile nililipiga mara tatu. Zote tatu, kikapu.

Hilo limeniuma kuliko machweo, na bado linaniuma ninapoandika. Machweo yatakuwepo kesho. Bibi sitamwambia akae tena ampanguse mtoto mguu. Akijua anapigwa picha, mkono wake hautakwenda vile.

Ila nimegundua pia kwamba nilikuwa nauliza vibaya. Ukimwuliza mtu "ni nzuri?" umeshamwonyesha jibu unalolitaka, na anayekupenda atakupa. Jana nilimpa Mama picha mbili nikamwuliza jicho lake limeanzia wapi. Alifikiri. Akaweka kidole kwenye mwavuli mwekundu pembeni, ambao mimi sikuwa hata nimeuona, akasema, "Hapa." Mama huyohuyo.

Leo nimemkalisha mdogo wangu karibu na dirisha afunge kamba za viatu. Nimechuchumaa. Nukta ya fokasi nimeisogeza mwenyewe mpaka kwenye vidole vyake, shata ifunguke kwa 1/125 ya sekunde, nikapiga 20. Nyingi ameinua kichwa kuniuliza nitamaliza lini. Mbili naona zina kitu.

Jumamosi nampelekea Mjomba tano tu. Nyuma ya kila moja naandika kwa penseli nilichotaka akione. Nne nimeshaandika. Ya tano nimekaa nayo tangu jioni, penseli mkononi, na nyuma yake bado ni peupe. Nadhani nitaitoa.