Ufuo, neno la Biblia ya bibi

Nimekulia Mwanza, na bibi alikuwa anatusomea Biblia kila jioni kabla ya kula, ile Union Version yenye Kiswahili cha zamani, sasa siku moja tukafika Yohana 21, pale kina Petro wamevua usiku kucha hawajapata kitu, kulipokucha Yesu kasimama ufuoni. Nikauliza, bibi, ufuoni ndo wapi? Akasema ni mwaloni mjukuu wangu. Basi miaka yote nikawa namwona Yesu kasimama Kirumba Mwaloni, mbele ya mitumbwi na dagaa.

Bibi hakukosea sana ila mwalo ni mahali pa kazi, mitumbwi inafikia hapo na samaki wanauzwa hapo, kule Unguja na Pemba wanapaita diko. Ufuo ni ule mchanga wenyewe, ukanda mwembamba maji yanapogusa nchi kavu, hata kama hakuna mtu wala mtumbwi. Ukiwa mmoja ni ufuo, zikiwa nyingi fuo. Nilivyohamia Dar sijawahi kumsikia mtu akilitamka, huku ni ufukwe, na vijana wanasema bichi tu. Wakenya ndo bado nakutana nalo kwenye maandishi yao, ufuo wa bahari, na kila nikiliona nafurahi kweli.

Wengi watasema si useme tu pwani. Hapana jamani, pwani ni kitu kingine, na mimi nilikuja kulielewa hilo Jambiani, kijiji cha pwani huko Unguja. Asubuhi maji yalikuwa karibu na nyumba kabisa, baada ya saa kama sita hivi bahari imeondoka, imeenda mbali mpaka mawimbi unayaona kama mstari mweupe kule kwenye mwamba, na akina mama wanashuka na kamba na vijiti kwenye mashamba yao ya mwani. Mwenyeji wangu akasema "wanaenda pwani". Nikashangaa, kwani sisi tuko wapi? Kumbe pwani inatoka kwenye kupwa, maji kupwa na kujaa, pwani ni pale yanapopwa! Siku hizi neno limepanuka likawa eneo zima, mpaka Mkoa wa Pwani makao makuu yake yako Kibaha ambako bahari huioni.

Sasa rudi kwa Petro. Ile inayoitwa Bahari ya Tiberia ni ziwa, na ziwa halipwi namna ile, Ziwa Victoria nimeishi nalo utoto wote sijawahi kuamka nikakuta limeondoka. Najua Biblia hiyohiyo kwenye Mathayo 13 imeandika watu walisimama pwani, na ni ziwa hilohilo, ila kwangu mimi ufuoni ndo limekaa mahali pake, kwa sababu ufuo hauhitaji maji kupwa, unahitaji mchanga na maji tu.

Mwezi wa 12 nikienda nyumbani nitamwomba bibi tuisome tena ile sura, na safari hii tushuke naye mpaka ziwani, asubuhi mapema kabla mitumbwi haijarudi.