Wanene Ndio Wanaotangulia

Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ni maiti. Hapa Frøya, kisiwa cha pwani ya kati ya Norway, hatulishi mpaka tuwavute waliokufa kutoka kwenye kitako cha kila kizimba, tuwahesabu, tuwasage na asidi wasioze. Kizimba kimoja sheria inaruhusu salmoni hadi 200,000, kwa hiyo maiti kumi na tano hawamshtui mtu. Mimi kilichonishtua mwaka wa kwanza ni sura zao. Wanene, magamba yanang'aa, hawana kidonda, kilo nne na ushee, wamebakiza wiki chache tu wachinjwe.

Daktari wa samaki akampasua mmoja mezani. Kifuko cha moyo kilikuwa kimejaa mabonge ya damu, meusi kama maini. Moyo wa samaki una vyumba viwili tu, na kile kinachopokea damu ukuta wake ni mwembamba kama utando. Ndicho kilichochanika. Wenyeji wanauita ugonjwa huu hjertesprekk, moyo kupasuka.

Ulielezwa mara ya kwanza hapa hapa Norway mwaka 1985, ila kirusi chake kimetambuliwa 2010. Vipo virusi vingine vya moyo, na mmoja wa magonjwa hayo, ule unaoharibu na kongosho, una chanjo. Huu wetu hauna chanjo wala dawa. (Mlaji hadhuriki, msiache kununua, ndio mshahara wangu.)

Nilimsimulia mjomba, anayefuga sato kwenye vizimba kule Ukerewe. Akacheka sana. "Yaani mpwa wangu, huko Ulaya hata samaki wana presha?" Kisha akauliza kifugaji: "Sasa mnafanyaje?"

Nikamweleza kwamba kirusi kinakula nyama ya moyo taratibu, miezi na miezi, samaki huku anakula na kunenepa. Kinachommaliza ni mshtuko, na wanaomshtua ni sisi. Salmoni hushikwa na chawa wa baharini, vimelea wanaong'ang'ania ngozi, na sehemu kubwa ya mwaka sheria haitaki chawa jike wakubwa wazidi wastani wa nusu kwa kila samaki, yaani chawa mmoja kwa samaki wawili. Wakikaribia hapo, meli ya kuwaondoa chawa inakuja. Wavu unakunjwa mpaka samaki wanabanana, bomba linawafyonza, wanaoshwa kwa maji ya vuguvugu au ya kasi, wanarudishwa. Mwenye moyo mzima anaogelea zake. Mwenye moyo uliolika anageuka tumbo juu.

Basi kinga kubwa ni kutowagusa. Tunafunga sketi ya turubai kuzunguka sehemu ya juu ya kizimba, maana chawa wachanga huelea karibu na uso wa maji. Vifaranga wanatoka kwenye mayai ya wazazi waliochaguliwa kwa kuhimili ugonjwa. Tukishavuna, eneo linaachwa tupu kabla ya kizazi kipya. Na kabla ya kuita meli, tunapima mioyo kwanza.

Kupima ni jambo moja, kusikiliza majibu ni jingine. Msimu uliopita maabara ilisema mioyo mibovu, meli ikaja vilevile kwa sababu zamu yake ilishalipiwa. Kesho yake tulivuta maiti mpaka saa tisa alasiri, hakuna aliyefanya utani kwenye boti. Hilo sikumwambia mjomba.

Majibu ya wiki hii yametoka jana. Kizimba cha nne hakioshwi. Jumatatu kinavunwa, uzito wowote waliofikia.