Daftari la zana: zamu ya msasa

Daftari langu la majina ya zana za useremala limefika kwenye msasa, na msasa umekula kurasa nyingi kuliko nyundo na shoka kwa pamoja. Hayo mawili ni ya Kibantu cha zamani. Mnyarwanda akisema inyundo au ishoka, Mswahili hahitaji mkalimani, basi nikayapita haraka. Parafujo ni Kireno, parafuso. Randa ni Kiajemi, na kwao hadi leo rande ni ya seremala na ni ya jikoni pia, ya kukwangulia karoti. Sisi tulichukua ya seremala, kisha tukaizalisha maranda ya kutandika kwenye banda la kuku.

Msasa ni habari nyingine. Ukiuomba duka la vifaa vya ujenzi unapewa karatasi yenye chenga, na muuzaji ana swali moja tu: namba ngapi? 60 ya kukwangulia rangi ya zamani, 120 ya kazi ya kawaida, 240 ya kumalizia kabla ya vanishi. Lakini sikiliza: msasa huu, misasa hii, kama mti huu, miti hii. Ngeli peke yake haithibitishi kitu, mkate nao umo humo. Ushahidi ni mti wenyewe, kwa sababu msasa ni mti. Kitaalamu unaitwa Ficus exasperata, jina la mtaalamu wa mimea Martin Vahl, lililochapishwa mwaka 1805, na hilo neno la pili la Kilatini linahusu huo ukwaruzaji wake. Ni ndugu wa mkuyu, unaweza kufika mita 20, na majani yake hukwaruza pande zote mbili. Wayoruba kule Nigeria nao wamesugulia vibuyu na mbao kwa majani ya mti huohuo.

Fundi mmoja mzee wa milango alinieleza kwa maneno machache: "Sisi, mwanangu, msasa tulikuwa tunachuma."

Nikachuma na mimi. Jani ukilipapasa kwa kidole linashika ngozi, linakataa kuteleza. Nililijaribu kwenye mwiko wa mninga niliokuwa nimeuchonga. Jani lililokauka kabisa lilivunjikavunjika mkononi. Lililonyauka kidogo ndilo lililofanya kazi, nikilikunja kufuata mviringo wa mpini, jambo ambalo karatasi ngumu hailiwezi bila kukatika. Alama za kisu halikuzifuta, hizo zilitaka namba 80. Ila kwenye kumalizia, mwiko ulitoka na mng'ao mzuri kuliko nilivyotegemea.

Angalizo kwa atakayetafuta picha mtandaoni: kule Zimbabwe musasa ni mti mwingine kabisa, Brachystegia spiciformis, wa misitu ya miombo, ule ambao Tanzania unaitwa mtundu. Majani yake machanga ni mekundu, yanapendeza sana, na hayasugui chochote.

Kurasa zilizobaki zimekwenda kwa "kupiga msasa". Karatasi ilipokuja ilichukua jina la jani bila kuomba ruhusa, halafu jina likatoka karakana likaingia ofisini. Magazeti yetu hayachoki: madiwani wapigwa msasa, walimu wapigwa msasa, maana yake wamepewa semina. Mswada wa kitabu nao hupigwa msasa kabla ya kwenda kiwandani. Binafsi naipenda hiyo ya mswada kuliko ya madiwani. Mhariri kweli anasugua, anarudi palepale hadi panyooke. Semina nyingi ni chai na picha ya pamoja.

Neno linalofuata ni koleo, na hapo naona ugomvi. Kamusi inampa mhunzi, la kushikia chuma cha moto, na kwa Mkenya ni la kubania waya. Nenda kwenye jengo lolote Dar useme "lete koleo": utaletewa la kuchotea zege.