Kazi zisizohesabiwa ndizo zinazotuumiza

Nimefanya kazi ya shamba miaka 17. Kumi ya kwanza nilikuwa mpiga dawa, bomba la lita 16 mgongoni. Saba hii ya mwisho nasimamia kikosi cha watu 22. Ukiuliza hatari ya kazi yetu iko wapi, utaambiwa trekta, nyoka, sumu, na aliyekujibu hakukosea. Lakini nikiwakumbuka mmoja mmoja wenzangu walioumia mbele ya macho yangu, karibu wote hawakuwa katikati ya kazi yenyewe. Walikuwa kwenye vijikazi vya pembeni ambavyo haviingii kwenye daftari: kuchanganya dawa, kuzibua nozeli (ile ncha ya bomba inayotoa dawa), kutoa nyasi zilizonasa kwenye mashine, kuosha bomba, kufua nguo.

Nianze na yaliyonipata mimi mwenyewe. Asubuhi moja nozeli iliziba nikiwa na mistari sita tu imebaki. Nikavua glovu kwa sababu vidole havikuwa vinashika vizuri, nikafungua nozeli, nikaitia mdomoni, nikaipuliza. Walionitangulia kazini walifanya hivyo, nami nikajifunza kwao. Dawa ile ilikuwa ya jamii ya organofosfati. Haikupita saa mbili mate yalianza kunijaa kinywani, machozi yakawa hayakauki, jasho likanitoka hata nikiwa kivulini, tumbo likanikata. Mwenzangu alinitazama usoni akaona mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Alinivua nguo zote palepale, akaniosha kwa maji mengi na sabuni, kisha akanipeleka hospitali akiwa amebeba chupa ya dawa mkononi. Chupa ile iliokoa muda mwingi. Daktari alisoma kwenye lebo jina la sumu iliyomo, akaanza kunichoma atropini, dawa ya kuipinga sumu hiyo, bila kubahatisha.

Nilipopona nilitaka kuelewa mwili wangu ulifanyiwa nini. Mishipa ya fahamu hupeleka ujumbe kwenye misuli na tezi, na kuna kimeng'enya kinachoitwa asetilikolinesterasi ambacho huuzima ujumbe huo ukishafika. Dawa za jamii ile hukifunga kimeng'enya hicho. Basi ujumbe hauzimiki: tezi hazikomi kutoa mate na jasho, misuli inachezacheza, na hali ikizidi hata misuli ya kupumulia inashindwa. Kimeng'enya hicho huweza kuchukua wiki kadhaa kurudi katika kiwango chake. Kwa hiyo mtu anayepiga dawa leo, keshokutwa na wiki ijayo anaweza kuwa anapungukiwa kidogo kidogo huku anajiona mzima, hadi siku moja kiasi kidogo tu kinamwangusha. Laiti ningeambiwa hilo siku yangu ya kwanza kazini.

Sasa kwenye kikosi changu nozeli haipulizwi kwa mdomo. Kila bomba lina mswaki mlaini uliofungwa kwa kamba kwenye mkanda wake, na nozeli safi mbili za akiba. Iliyoziba inatolewa, inawekwa ndoo ya maji, kazi inaendelea na nyingine.

Kuchanganya ndiko kunakonitia wasiwasi kuliko kupiga. Shambani unabeba dawa iliyokwisha kuzimuliwa, lakini pale kwenye pipa unashika sumu yenyewe kabla haijaguswa na maji, na tone moja likirukia kwenye mkono lina nguvu kuliko ukungu wa nusu siku. Cha ajabu, watu wengi huvaa kila kitu wakati wa kupiga na huchanganya mikono mitupu, kwa sababu “ni dakika mbili tu.” Mchanganyaji wangu anavaa glovu ndefu za nitrili (aina ya mpira), aproni na ngao ya uso, na anasimama upepo ukimpiga mgongoni. Glovu za kitambaa nimezipiga marufuku. Zinanyonya dawa na kuigandamiza kwenye ngozi kutwa nzima, na heri mkono mtupu ambao angalau utanawa upesi. Suruali inakaa juu ya gambuti, si ndani yake, la sivyo kinachomwagika kinateremka moja kwa moja hadi kwenye vidole vya miguu. Na glovu zinaoshwa zikiwa bado mikononi, kabla ya kuvuliwa.

Chupa ikiisha inasuuzwa mara tatu na maji yale yanarudishwa kwenye bomba, kisha tunaitoboa. Hiyo ya kutoboa nawaomba sana wasomaji wangu muifuate. Chupa nzima yenye mfuniko mzuri haikosi mtu wa kuitilia maji ya kunywa.

Kuna jambo lingine ambalo bado linanikasirisha. Katika shamba moja nililowahi kufanya kazi, tulipiga dawa asubuhi na mchana ule ule wapaliliaji wakaingizwa kwenye kitalu kilekile, majani bado yana unyevu. Wao hawakuwa na glovu wala gambuti, kwa kuwa wao “hawashughuliki na dawa.” Wawili walitapika kabla ya jioni. Lebo ilikuwa imeandika wazi muda wa kukaa nje ya shamba baada ya kupiga, lakini aliyesoma lebo alikuwa mpiga dawa, na aliyepanga wapaliliaji alikuwa mtu mwingine. Hawakuongea. Siku hizi nikimaliza kitalu nasimika kibao mlangoni chenye saa tuliyomaliza na saa ya kuruhusiwa kuingia, na ninamwambia msimamizi wa palizi kwa mdomo wangu.

Nguo nazo. Ovaroli ya dawa haiendi nyumbani. Inafuliwa kazini, peke yake, na anayeifua anavaa glovu. Kwa miaka mingi nilirudi na yangu, nikaitupa kwenye beseni moja na nguo za wanangu. Nikilikumbuka hilo hadi leo moyo unaniuma.

Kwenye mashine, vijikazi ni vilevile. Nyuma ya trekta kuna shafti inayopeleka nguvu kwenye mashine inayokokotwa, mafundi wanaiita PTO. Nyingi huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde. Kabla hujasema “mama” mguu wa suruali umeshajisokota. Mwenzangu mmoja alishuka kutoa nyasi zilizonasa, injini inanguruma, akairuka shafti badala ya kuzunguka trekta. Suruali yake ilikuwa imechakaa na hilo ndilo lililomwokoa, kwa maana ilichanika yote ikamwacha. Ngozi ya paja ilienda nayo. Suruali ingekuwa mpya ingeondoka na mguu. Tangu siku ile mpangilio wetu ni mmoja: tenganisha shafti, zima injini, chomoa ufunguo, subiri kila kitu kisimame kabisa, ndipo ushuke. Na kifuniko cha shafti si pambo.

Mashimo ya samadi sijayafanyia kazi sana, ila nimefunzwa jambo moja ambalo kila mfugaji anapaswa kulijua. Gesi ya haidrojeni salfaidi inanuka kama yai lililooza ikiwa kidogo. Ikizidi inaua uwezo wa pua kuinusa, hivyo harufu ikipotea ghafla hujawa salama hata kidogo. Mtu anashuka kufungua pampu, anaanguka, wa pili anamfuata kumwokoa, naye anaanguka. Usimfuate mwenzako shimoni bila vifaa vya hewa na kamba inayoshikwa na watu walioko juu. Ita msaada.

Jua nalipitia kwa ufupi kwa sababu dawa yake inajulikana: kikombe cha maji kila baada ya dakika 15 hadi 20 bila kungoja kiu, kivuli kilicho karibu, na mgeni asipewe kazi kamili siku ya kwanza. Mimi humpa moja ya tano ya kazi, halafu namwongezea siku hadi siku. Mtu akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, huyo mpoze kwa maji mwili mzima papo hapo huku usafiri wa hospitali ukitafutwa.

Watu si wajinga, wala hawapendi kuumia. Wanaharakisha vijikazi hivi kwa sababu havilipwi. Ukimlipa mtu kwa idadi ya mabomba aliyomwaga, dakika ya kuvaa glovu inatoka mfukoni mwake. Ndiyo maana niliomba, nikakataliwa, nikaomba tena, hadi dakika za kuchanganya, kuosha na kuoga zikaingia kwenye saa za malipo. Nilibeba nakala ya Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2001, unaohusu usalama na afya katika kilimo. Unasema mfanyakazi ana haki ya kuondoka kwenye kazi yenye hatari kubwa iliyo karibu kumfika, akimjulisha msimamizi wake mara moja, na asiadhibiwe kwa hilo. Niliusoma kwa sauti mbele ya kikosi kizima, kifungu hicho mara mbili.

Jana dereva aliitumia haki hiyo. Alikuta kifuniko cha shafti kimepasuka, akazima trekta akaniita. Kifuniko kipya kinafika Jumatatu. Hadi hapo trekta imeegeshwa, na ufunguo ninao mimi mfukoni.