Besdei ya Mjusi wa Tendaguru

Binti yangu alipokaribia kutimiza miaka saba, kichwani mwake mlikuwa na jambo moja tu: dainosa. Mjomba wake alikuwa amemletea begi la shule kutoka Kariakoo lenye picha ya dainosa mwenye shingo ndefu, na tangu siku hiyo begi lile halikushuka mgongoni, hata akitumwa dukani kununua chumvi. Akaanza kudai besdei, jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwa la mazoea, na akaitaka iwe ya dainosa kuanzia maputo mpaka keki.

"Ila mama," akaniambia kwa huzuni kabisa, "wao kwao Marekani. Huku Lindi hawajawahi kufika."

Nilikuwa nakuna nazi. Niliinuka kwenye mbuzi nikamwambia kwamba mwenye shingo kama ile mifupa yake ilichimbwa huku huku kwetu, Tendaguru, na watu wa huku ndio walioibeba. Hakuniamini. Aliniangalia vile watoto wanavyomwangalia mtu mzima anayewatania, akaondoka zake na begi lake. Iliniuma. Mtoto amezaliwa Lindi, anasoma Lindi, halafu anaamini kuwa maajabu yote ya dunia yako kwa watu wengine! Nikaamua palepale kwamba besdei ataipata, na itakuwa ya dainosa kama anavyotaka, ila atakuwa mjusi wetu.

Habari za mjusi mkubwa wa Tendaguru kila mtu mzima wa huku amezisikia, na suala la kumrudisha limewahi kuulizwa hata Bungeni. Lakini nilipokaa chini kupanga michezo ya watoto ndipo nilipoona ni hadithi nzito kiasi gani. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alikuta mifupa mikubwa imechomoza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru, kilomita 60 hivi kaskazini magharibi mwa mji wetu. Miaka hiyo ndiyo ya Vita vya Maji Maji, watu wa kusini wanakufa kwa risasi na kwa njaa. Vita vikaisha, na mwaka 1909 wakaja wataalamu kutoka Berlin, Werner Janensch na Edwin Hennig, uchimbaji ukaendelea mpaka 1913. Mamia ya watu wa huku walifanya kazi pale, wengi wakiwa wamekuja na wake na watoto wao. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zikatembea kwa miguu ya binadamu hadi bandari ya Lindi, kisha zikapakiwa melini.

Sikutaka kuwahutubia watoto yote hayo. Nilitaka wayafanye kwa mikono yao.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mabibo yananukia mji mzima, na pesa za korosho zilikuwa bado hazijaingia, kwa hiyo karibu kila kitu kilitengenezwa nyumbani. Mwenye duka alitupa maboksi matupu ya sabuni. Baba yake mtoto akayakata nyayo kubwa, akazipaka masizi, akazitandaza kuanzia barabarani mpaka uani. Mimi nikakanda unga wa ngano na chumvi nyingi, nikafinyanga mifupa: mbavu, pingili za uti wa mgongo, meno, na mfupa mmoja wa mguu ambao peke yake ulimaliza nusu kilo ya unga. Nikaianika juu ya bati siku kadhaa, jua la Lindi likaifanya migumu kama mawe. Usiku wa kuamkia sherehe tukaifukia kwenye mchanga uliobaki wa ujenzi.

Keki aliishika wifi yangu. Huyu hana oveni, na sijaona anayemzidi kwa keki ya mkaa. Anaweka mchanga ndani ya sufuria kubwa, anautandaza sawasawa, anauacha upate moto kwanza, halafu anatumbukiza sufuria ndogo yenye mchanganyiko, anafunika, na juu ya mfuniko anapanga makaa. Kazi yote iko kwenye makaa ya juu: yakizidi keki inaungua uso na ndani bado uji, yakipungua inakaa bapa. Alikuwa akiyasogeza kimoja kimoja kwa koleo, ameinamisha sikio, anasikiliza. Akapika mbili, moja ikawa kiwiliwili, nyingine akaikatakata kupata miguu na mkia. Tukakwama kwenye shingo.

"Wifi, hii nitaisimamisha na nini? Keki laini hivi itakubali?"

"Tuifanye ya kashata," nikamwambia, "tuipitishie njiti za mishkaki."

Ikasimama. Akaipaka krimu ya kijani, macho akaweka korosho mbili za kukaanga. Binti yangu alipomwona akaziba mdomo kwa mikono yote miwili na hakusema kitu, yeye ambaye huwa hanyamazi.

Wageni waliingia baada ya alasiri, watoto wa mtaani na wa darasani kwake, wengine wamevaa nguo za Idi. Mama mkwe akasema kabla ya yote mtoto aombewe dua. Tukasimama uani, mikono juu, akamwombea umri na afya na akili ya kusoma, watoto wakaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Kisha nikawagawia vijiko na brashi kuukuu za rangi, nikawaonyesha mchanga.

Nilidhani watafukua vurugu. Wachache walianza hivyo, lakini mtoto mmoja wa kiume alipovunja ubavu akashtuka, akawaambia wenzake, "Taratibu jamani, ni wa zamani huu!" Wakaanza kupangusa kwa brashi kidogo kidogo. Hapo nikawaambia kwamba Tendaguru msimamizi wa wachimbaji alikuwa mtu wa huku, Boheti bin Amrani, fundi wa kufukua na kuandaa mifupa, na kwamba mwaka 2007 wanasayansi walimpa dainosa mmoja wa Tendaguru jina linalotokana na lake: Australodocus bohetii. Mtoto mmoja anayeitwa Boheti kwa ukoo wao akavimba kifua, na kwa mchana wote uliobaki hakuna aliyethubutu kubishana naye.

Jirani yetu mzee, ambaye kwao inasimuliwa kwamba babu yake alikuwa miongoni mwa wapagazi, nilikuwa nimemwomba aje. Akaja na kanzu yake, akakalishwa kwenye kiti chini ya mwembe.

"Shikamoo babu!"

"Marahaba wajukuu zangu. Nani kati yenu anajua kupiga kata?"

Watoto wa siku hizi, maji yao ya bombani. Mzee akaomba khanga. Akaikunja kwa urefu, akaisokota, akaizungusha kwenye vidole vinne mpaka ikawa duara, ncha akaichomeka ndani isilegee, akaiweka juu ya kichwa cha binti yangu. Akawaeleza kuwa mizigo midogo ilipanda kichwani namna ile, na mikubwa ikafungwa kwenye miti ikabebwa na watu kadhaa, siku nne hivi njiani. Mfupa mmoja wa mkono wa mjusi yule, akawaambia, unanizidi mimi kimo. Kweli kabisa, ule wa Berlin unapita mita 2.

Wakajipanga msafara. Kila mtoto kata na mfupa, kutoka mchangani, kuzunguka nyumba, mpaka barazani ambako baba yake binti yangu alikuwa amesimama kama nahodha na meli ya maboksi. Mzee aliwaanzishia wimbo wa kazi wa Kimwera, wao wakaitikia walivyoweza. Mifupa ya kwanza ikapakiwa. Ikafika zamu ya binti yangu, ameubeba ule mkubwa wa mguu, jasho linamtoka. Akasimama mbele ya meli.

"Leta mzigo," baba yake akasema.

"Meli inaenda wapi?"

"Ulaya. Berlin."

"Itarudi lini?"

Baba yake akanitazama. Mimi nikamtazama mzee. Mzee akasema, "Mjukuu wangu, iliondoka kabla baba yangu hajazaliwa."

"Basi huu haupandi," akasema mtoto, akageuka na mfupa wake. Aliyekuwa nyuma yake naye akageuka. Waliokwisha pakia wakaparamia baraza kuchukua yao, meli ikapasuka ubavu, na msafara mzima ukarudi ulikotoka ukiimba kwa nguvu kuliko ulipokuja. Mzee alicheka mpaka akatoa leso kufuta macho. Mimi sikucheka. Nilijawa na fahari ambayo mpaka leo nikiikumbuka inanipanda kifuani.

Mchezo wa mwisho haukuwa kwenye mpango. Walitaka kujua alikuwa mkubwa kiasi gani. Nikaleta kamba ya katani, tukapima mita 22. Ua haukutosha. Tukatoka nayo mtaani, mkia ukaanzia mlangoni kwetu na kichwa kikafika mbele ya duka, watoto wakasimama juu ya kamba mikono wameshikana na bado hawakumjaza, ikabidi tuite akina mama. Yule aliyesimamishwa Berlin tangu 1937 ana kimo cha zaidi ya mita 13. Nikawaonyesha mnazi wa jirani, kwamba kichwa chake kingekuwa kwenye makuti. Wakanyanyua shingo wote. Bodaboda ikaja, kijana akapunguza mwendo, akauliza kuna msiba au harusi.

"Unamkanyaga mjusi!" wakampigia kelele. Akarudi nyuma, akazungukia mtaa wa pili.

Pilau ilikuwepo, na juisi ya ukwaju, na ming'oko ya kuchemsha ambayo nilisema ndiyo mizizi iliyobaki mjusi aliposhiba majani, ikaisha kabla ya pilau. Keki ilikatwa kuanzia mkiani kwa amri ya mwenye besdei, akamlisha kwanza bibi yake, kisha mzee. Shingo ya kashata ndiyo iliyogombewa. Mashangazi wakammwagia maji mpaka akaloa chapachapa, kama desturi.

Kila mtoto aliondoka na mfupa wake umefungwa kwenye gazeti. Kabla wiki haijaisha mama mmoja wa mtaa wa pili alinibishia hodi, mtoto wake anatimiza miaka minane mwezi ujao na amekataa besdei ya namna nyingine yoyote. Alitaka kuazima kamba, na kujua kwa mzee atapeleka nini kumwomba aje.

"Mpelekee tumbaku," nikamwambia, "na umwambie wimbo tutauimba vizuri safari hii."